Wajina wa Daktari Ponsiano Wanaomba Alhamisi

Jumamosi, jioni. Mvua ilitutishia tangu mchana, ikaishia kunguruma upande wa Kenya na kutuachia joto. Miguu yangu imevimba hadi ndala za Wandera ndizo zinazonienea, na mwenye ndala haongei nami. Ameketi uani anatengeneza redio ambayo haijaharibika.

Nimejifungia chumbani naandika. Nisipoandika nitapiga kelele, na leo nimeshapiga za kutosha.

Niseme jambo lenyewe kwanza. Leo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, padri, mpiga picha na wamama wengi wa Busia, nimeahidiwa upasuaji wa bure. Nimeukataa.

Mimba yangu imeingia mwezi wa tisa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa upande wa Kenya, nimeolewa Buteba upande huu wa Uganda. Wandera mume wangu anaendesha lori la saruji kutoka Tororo. Tuna binti mmoja, Ponsiana, ambaye leo amekunywa soda nyingi kuliko wazazi wake wakiwekwa pamoja. Nyonga zangu ni nyembamba. Ponsiana hakuweza kupita, na huyu aliyemo hataweza. Nilishaambiwa bila kuzungushwa kwamba kwangu mimi ni kisu tu, hakuna njia nyingine.

Aliyeniambia ni Daktari Ponsiano. Ndiye aliyenipasua, na ndiye mwenye jina ambalo binti yangu analitumia.

Si binti yangu peke yake. Daktari Ponsiano ni mtu wa Tororo, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mpasuaji wetu kwenye hospitali ya serikali hapa Busia. Ukisimama sokoni ukaita "Ponsi!" watageuka watoto, watageuka na mama zao. Hadija, jirani yangu ambaye ukoo wao una malori na duka la vyuma, ni Mwislamu na hawezi kumpa mwanawe jina la mtakatifu wa Kikatoliki. Basi alimwita Twaha, halafu akaongeza Dokta. Twaha Dokta. Limeandikwa hivyo hadi kwenye kadi ya chanjo.

Hatukuwapa watoto jina hilo kwa kujipendekeza. Mtu akifika amelowa, matope hadi magotini, akanawa mikono, akakuokoa wewe na mtoto, halafu asikuombe kitu, unampa nini? Unampa alicho nacho mtu maskini. Unampa mtoto.

Alhamisi ilikuwa siku ya kisu. Ndivyo tulivyoiita. Dharura zilipokelewa siku yoyote, lakini waliojulikana mapema kwamba hawatazaa kwa kawaida walipangiwa Alhamisi. Mama wa Buhehe, mama wa Buteba, hata wengine waliotoka mbali huko Mukuju kwa sababu dada zao wameolewa huku, wote walilijua hilo. Ulikuwa ukiuliza tarehe ya mtu kujifungua unajibiwa, "Alhamisi ya pili."

Kisha Daktari akaacha kazi. Akajenga kliniki yake kwenye barabara kubwa, karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri forodha. Ukuta mweupe, vioo, kitanda cha upasuaji kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza.

Nitakiri kitu. Niliposikia ameacha, nilifurahi kwa ajili yake. Nilimwona mara nyingi akila karanga kwenye korido kwa sababu hakuwa na muda wa kwenda kula. Nimemwona akishona mtu kwa mwanga wa simu. Nani angemlaumu? Mimi mwenyewe shule binafsi ikiniita kesho na mshahara usiochelewa, nitajifanya sijasikia?

Lakini mwalimu akiondoka, watoto wanapewa mwalimu mwingine, hata kama ni mbaya. Daktari Ponsiano alipoondoka, Alhamisi ilikufa. Daktari kijana aliyeachwa pale ana huruma, ila hajaruhusiwa kupasua peke yake. Anaandika rufaa ya Tororo. Na Tororo si mbali, ndiyo, Wandera huenda na kurudi na saruji yake. Nenda wewe huku uchungu umekushika, gari la wagonjwa halina mafuta na mwenye bodaboda anakuuliza kama utamchafulia kiti.

Na kuna bango. Nalichukia bango hilo kuliko kitu chochote mjini. Liko mkabala na lango la hospitali ya serikali, lina mshale, limeandikwa kwamba huduma za upasuaji zinapatikana kule. Mama anatoka langoni na karatasi ya rufaa mkononi, anainua macho, anakutana na mshale. Mwenye nacho anaufuata. Asiye nacho anausoma tu.

Basi wiki hii ukaja ujumbe. Daktari anafungua kliniki rasmi Jumamosi, na anawaalika wamama wote wenye wajina wake, pamoja na watoto, kwa chakula, soda, fulana na picha. Picha ya nini? Ya bango jipya. Daktari katikati, watoto wenye jina lake wamemzunguka.

Niliposoma nilicheka hadi Wandera akatoka bafuni na sabuni kichwani kuuliza kuna nini.

Nilicheka kwa sababu huku kwetu wajina si salamu tu. Mtoto akipewa jina lako, siku atakapoletwa kwako mara ya kwanza, ukamlisha na kumvika nguo, umemkubali. Na siku hiyohiyo anaomba kitu. Akiwa mdogo, mama yake anamwombea. Wengi huomba kuku au mbuzi. Mwenye jina hakatai. Akikataa, jina linarudi kwake, mtoto anatafutiwa lingine, na habari hiyo haiishi msibani wala harusini. Daktari analijua hili vizuri kama mimi. Ila kwa miaka yote hiyo hakuna aliyempelekea mtoto nyumbani, tulimwonea huruma alivyochoka. Sasa amekaa na watu wa matangazo, wamempangia chakula na fulana, na mwenyewe katuita.

Nilikwenda kwa Hadija nikamwambia. Aliweka chini kitambaa alichokuwa akipima, akanitazama.

"Mwalimu, ogopa Mungu. Kumbe yeye naita deni kwa mkono yake mwenyewe?"

"Atalilisha na kulivika," nikasema.

"Sasa sisi naomba nini? Mbuzi?"

Tulizungumza hadi chai ikapoa, tukakubaliana tutakachoomba. Hadija akachukua kazi ya kupitisha habari kwa wengine, na Hadija akipitisha habari, redio haina kazi.

Leo basi tulikwenda. Mahema meupe, viti vya plastiki vyenye vitambaa, muziki wa kanisa ukifuatiwa na muziki usio wa kanisa. Fulana zilikuwa za bluu. Yangu iligoma kwenye tumbo, nikamvalisha Ponsiana juu ya gauni lake ikamfika miguuni kama kanzu. Wali, nyama, kabichi. Daktari alizunguka akitusalimu kila mmoja kwa jina, na nikiri, moyo ulinilainika. Alikumbuka mtoto wa nani alitanguliza miguu. Alinishika bega akauliza, "Mwalimu, na huyu wa pili iko aje? Anacheza?"

Anacheza, nilisema.

Kando yangu aliketi Nabwire, mama kijana kutoka Buhehe, mkulima. Alikuja kwa miguu na Ponsiano wake mgongoni, na mbele tumbo linalolingana na langu. Naye ana kovu. Hospitali wamemwambia kama wote: Tororo. Alikula polepole sana na nyama aliifunga kwenye mfuko kwa ajili ya mama mkwe.

Mpiga picha akawapanga watoto kwa vimo. Wengine walilia, Twaha Dokta akampiga mwenzake kofi, wakapangwa upya. Picha ikapigwa. Daktari alikuwa anacheka kicheko cha kweli katikati yao, na mimi niliyemjua akiwa amesinzia wima nilifurahi kukiona. Kisha mwenyekiti akasema kama kuna mama mwenye neno la shukrani, asimame.

Nikasimama. Nilimshika Ponsiana mkono nikasogea mbele hadi kwa mwenye jina. Muziki ukapunguzwa.

Nilishukuru kwanza, kwa dhati. Kisha nikasema hivi, naandika kama ninavyokumbuka: "Wajina, umetuita, tumekuja. Umetulisha. Umetuvika. Mtoto huyu amefika kwako mara ya kwanza, na kama desturi ilivyo, anaomba."

Nikaona uso wake ukielewa. Kabla sijasema ninachoomba, tayari alikuwa ameelewa kwamba amejitega.

"Ponsiana haombi kuku. Anaomba Alhamisi. Siku sita ziwe zako na kliniki yako, utajirike, ujenge hata ghorofa, hatuna kinyongo. Alhamisi urudi kwenye chumba cha upasuaji cha serikali, uwapasue wasioweza kufika hapa."

Nyuma yangu nikasikia viti vikisogea. Wamama walikuwa wanasimama na watoto wao, mmoja baada ya mwingine, fulana za bluu kila mahali. "Na wangu anaomba Alhamisi." "Na huyu." Hadija akapaza sauti kuwashinda wote: "Na kama hapana, mimi naita wangu Twaha peke yake!"

Watu walicheka. Daktari hakucheka.

Alisimama akapangusa uso kwa leso. "Wamama yangu," akasema, "nyinyi najua mimi nilifanya kazi pale namna gani. Mshahara inachelewa. Glavu nanunua na pesa ya watoto yangu. Umeme inapotea na mtu iko kwa meza, tumbo wazi. Mimi si serikali. Mbona nyinyi hapana kwenda kuuliza serikali?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nasema hivyo hapa, kwa sababu pale sikusema. Nilimwonea huruma na wakati huohuo nikawa na hasira naye.

Kisha akashusha sauti, akanisogelea. Alifikiri ananisaidia, najua. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi na kila mtu akasikia.

"Mwalimu, wewe usiogope. Hiyo nyonga yako mimi najua. Wewe nakuja hapa kwangu, nafanyia wewe bure. Neno yangu."

Padri akapiga makofi. Mwenyekiti naye. Wandera, aliyekuwa amesimama nyuma na madereva wenzake, aliinua mikono yote miwili juu, na sijawahi kuuona uso wake umefunguka hivyo tangu Ponsiana azaliwe.

Niambie, wewe unayesoma, ungefanya nini?

Nitasema nilichotaka kufanya. Nilitaka kusema asante. Nilitaka kulia na kusema asante, nimshike mkono, nirudi kwenye kiti nikamalizie soda. Mwili wangu wote ulitaka hivyo. Mimi si shujaa, naogopa kufa kama mtu yeyote, na usiku huota nimelala kwenye gari la saruji katikati ya njia ya Tororo.

Lakini niliposhusha macho nilimwona Nabwire. Hakuwa akiniangalia kwa wivu. Ndicho kilichonimaliza. Alikuwa anatabasamu, amenifurahia kabisa, na huku ameanza kumfunga mtoto mgongoni ili aondoke. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Mwalimu amepata, na watu wa Buhehe waende nyumbani.

Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo zilizovimba.

Nikasema, "Wajina, asante. Sitaki."

Nikamshika Nabwire mkono, nikamsimamisha karibu yangu, matumbo mawili yakielekea upande mmoja. "Huyu ana kovu kama langu. Ponsiano wake ni wajina kama Ponsiana. Ukinifanyia mimi bure kwa sababu nimesema kwenye kipaza sauti, na yeye ukamwacha kwa sababu hajui kusema, hujatoa msaada. Umeninunua ninyamaze. Hatukuomba bure ya Mwalimu. Tumeomba Alhamisi."

Yule wa muziki kwa kuchanganyikiwa akafungulia wimbo wa harusi.

Ndivyo sherehe ilivyovunjika. Mwenyekiti alinipita bila kuniangalia. Mama mmoja wa Busia mjini, mwenye nafasi yake, alinong'ona nisikie kwamba walimu wana midomo. Nilimkubalia kwa kichwa, kwani ni uongo?

Tulipofika langoni Daktari alikuja nyuma yetu, peke yake, bila kipaza sauti. Alionekana mzee.

"Umeumiza mimi, Mwalimu. Mbele ya watu."

"Najua. Pole, wajina." Na nilimaanisha.

Akasimama anatazama malori barabarani. Kisha akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Na dawa ya usingizi natoa nani? Na umeme ikipotea?"

Nilimjibu kwamba mtoa dawa ya usingizi wa serikali bado yuko pale hospitalini, anakuja kazini kila siku na hana wa kumlaza. Hadija akadakia kwamba jenereta ya dukani kwao italetwa kwa lori, mafuta yakiwemo, mzee wake atake asitake. Nami nikaongeza kwamba Jumatatu wamama wote wa leo tutakuwa ofisini kwa mkubwa wa hospitali, na swali lake la serikali tutakwenda nalo, la glavu na la mshahara pia, kwa sababu ni letu kama ni lake.

Alisema tu, "Hiyo jenereta ni kubwa namna gani?" akarudi ndani kwa wageni wake.

Hadija njia nzima alikuwa anacheka na kusema kwamba mtu asiyetaka kuoa haulizi urefu wa bibi harusi. Mimi sikucheka. Ilibidi tukae kwenye kizingiti cha duka la watu nipumzishe miguu.

Nyumbani ndiko vita vilikokuwa.

Wandera hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinivua viatu kwanza, akanitafutia hizi ndala zake, ndipo akasema, "Mimi nimeona Mungu nafungua mlango, na bibi yangu nafunga." Nilianza kumweleza kuhusu Nabwire. Akanikatiza. "Wewe nakufa, hao watu nakuja kupikia Ponsi? Nakuja kusuka yeye nywele? Sema."

Ni swali la haki kabisa, na ameliuliza mtu anayenipenda. Kama kuna anayefikiri nimeandika haya ili nionekane shupavu, ajue kwamba nimelia hadi mto umelowa.

Lakini nimemwambia Wandera jambo moja, na naliandika hapa lisije likageuzwa. Uchungu ukinianza kabla ya Alhamisi, nitakwenda kwenye kliniki ya Daktari. Nitabisha mlango ule wa kioo na kulala kwenye kitanda kile cha kubonyeza, na tutauza tutakachouza tumlipe kama anavyolipwa na wengine. Sitaona haya. Mimi sijakataa kuishi. Na Nabwire naye ukimwanza, nitakwenda naye palepale tubishe wote wawili, tuone atafungua mlango nusu vipi.

Wandera alisikiliza hadi mwisho. Ndipo akaenda uani na redio yake.

Nilikuwa nimefika hapa nikitaka kufunga, simu ikaita. Namba nisiyoijua. Ni Nabwire, ameazima simu ya jirani na amefika Buhehe salama. Nyuma yake nikasikia kuku wa watu. Nilidhani anapiga kuniomba msamaha, au kuniambia mume wake amemkataza.

"Mwalimu," akasema, "hiyo Alhamisi, sisi naacha kula saa ngapi?"

Mama wa kisu haendi na chakula tumboni. Kumbe yeye hakusubiri Daktari akubali wala mkubwa wa hospitali aseme lolote. Ameshaanza kujitayarisha.

Nimemwambia ale vizuri Jumatano jioni, ashibe, halafu asitie kitu mdomoni. Nimemwambia mimi pia sitatia, na kwamba asubuhi anikute kwenye benchi la wodi ya wazazi, nitakuwa nimemshikia nafasi.